Mnamkosa Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, ambaye hapotewi na kitu wala hasahau. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kaka na dada.

Nianze na habari ya soko. Hapa Bujumbura hakuna asiyelijua jina la Kariakoo. Kama mama yako anauza vitenge, au mjomba wako ana duka la vyombo, basi mzigo wake ulipita Kariakoo ya Dar es Salaam kabla haujafika hapa. Tunalitaja jina hilo kila siku kwenye bei, kwenye usafiri, kwenye simu. Wachache wetu wanajua kwamba jina hilo limetoka kwenye vita. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, kuanzia 1914 mpaka 1918, jeshi la Waingereza lilikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu waliotiwa katika kikosi hicho walilitamka jina kama ulimi ulivyowaruhusu: Kariakoo. Kambi yao ya Dar es Salaam ikabaki na jina hilo, na Nairobi nako kuna mtaa wa Kariokor kwa sababu hiyohiyo.

Katika vita vile vya Afrika Mashariki Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa miongoni mwao hawapungui 90,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, njaa, na mzigo juu ya kichwa kwa siku nyingi katika mvua. Hao ndio watu wa Kariakoo. Leo nataka tuzungumze juu yao, na juu ya swali moja alilouliza Mtume wetu (S.A.W.) baada ya vita, ambalo naamini Mwenyezi Mungu atatuuliza na sisi.

Sanamu lenye ahadi

Mwaka uliopita nilipokwenda Dar es Salaam nilisimama katikati ya jiji, mbele ya sanamu la Askari. Ni askari Mwafrika wa shaba, ameshika bunduki yenye singe, na singe imeelekea bandarini. Lilizinduliwa mwaka 1927. Mahali hapo zamani palikuwa na sanamu la Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaling'oa.

Chini ya Askari kuna maandishi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Maneno yake yalitungwa na mwandishi wa Kiingereza, Rudyard Kipling. Maana yake ni kwamba ukumbusho ule umewekwa kwa ajili ya askari wa Kiafrika waliopigana, wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wanaume wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Kisha yanatoa ahadi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nililizunguka sanamu lile nikitafuta hayo majina. Hakuna hata moja. Ahadi ya majina imeandikwa kwa lugha tatu, na aliyeiandika hakuandika jina la mtu yeyote.

Ndugu zangu, jambo hili lilikuwa na sababu, na lazima tuijue. Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita. Msingi wake ulikuwa mzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kutazama cheo, rangi wala dini. Huko Ulaya msingi huo ulifuatwa, mwana wa bwana mkubwa akalala karibu na mwana wa mchimba makaa, mawe yao sawasawa. Huku kwetu haukufuatwa. Askari wa Kizungu alipewa jiwe na jina. Wahindi wengi waliandikwa kwa jumla. Mwafrika akajengewa sanamu lisilo na jina. Katika miaka ya 1920 wakubwa wa serikali waliandikiana kwamba wenyeji hawa hawajali kuweka alama kwenye makaburi ya wafu wao, na makaburi makubwa ya wapagazi yakaachwa yarudi kuwa pori.

Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Ikakiri pia kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hiyo ni hesabu ya miaka mia moja baadaye, iliyotolewa na wenyewe.

Rangi ya ngozi ni sehemu moja tu ya habari hii. Rudini kwenye maandishi ya sanamu. Yanasema wanaume wengine wote. Lakini jeshi la Mjerumani katika vita vile halikutembea bila wanawake. Wake wa askari walifuatana na waume zao kwenye misafara, wakiwa na watoto mgongoni, wakitafuta maji na kuni, wakipika, wakiuguza, wakibeba. Na vijiji vilivyoachwa nyuma vilikuwa vya wanawake. Majeshi yalichukua wanaume, ng'ombe na nafaka, na palipochukuliwa chakula njaa ikaingia. Rwanda waliipa njaa ya 1916 hadi 1918 jina la Rumanura. Ugogo, huko Tanganyika, waliita yao Mtunya. Mwanamke aliyekufa nyumbani kwake kwa sababu jeshi lilikula akiba yake hakuitwa marehemu wa vita. Hakuna sanamu hata lisilo na jina lililosimamishwa kwa ajili yake.

Kisha yanasema kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Mfalme yupi, na nchi ipi? Tujitazame sisi wa hapa. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Congo yaliiteka Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura hii, kisha Gitega, na Septemba yakaingia Tabora. Walitumia wapagazi zaidi ya laki mbili, wengi kutoka Congo, na njiani wakawachukua na watu wa Rwanda na Burundi. Wakati huo mwami wetu, Mwambutsa, alikuwa mtoto mdogo. Mtu wa kilimani aliyetiwa mzigo kichwani na kuelekezwa Tabora hakuwa na habari na mfalme wa Ubelgiji wala wa Uingereza wala wa Ujerumani. Vita vilipokwisha, nchi zikagawanywa upya, mipaka ikawekwa juu ya migongo ya watu hao, na leo sisi tunaulizana pasipoti kwenye mipaka hiyo kana kwamba iliteremshwa kutoka mbinguni.

Jenerali wa Kibelgiji aliyeongoza vita ile, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni na jina lake likaongezewa jina la mji: Baron Tombeur de Tabora. Mtu mmoja akapewa mji mzima uwe sehemu ya jina lake. Waliombebea risasi mpaka mji huo hawakuachiwa hata majina waliyopewa na mama zao.

Swali la Mtume (S.A.W.)

Sasa tumtazame Mtume wetu (S.A.W.) baada ya vita.

Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Barza (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa katika vita fulani, na Mwenyezi Mungu akawapa ushindi. Akawauliza masahaba zake kama kuna mtu wanayemkosa. Wakasema ndiyo, wakataja fulani na fulani. Akauliza tena, wakataja wengine. Akauliza mara ya tatu, wakasema hapana, wametimia. Ndipo Mtume (S.A.W.) akasema kwamba yeye anamkosa Julaybib, na akaamuru atafutwe. Wakamkuta ameuawa kando ya watu saba aliowaua. Mtume (S.A.W.) akaenda akasimama juu yake, akasema kwamba huyu ni wake na yeye ni wa huyu. Akambeba kwa mikono yake mpaka kaburi lilipochimbwa, na Julaybib hakuwa na kitanda kingine isipokuwa mikono ya Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Nani alikuwa Julaybib? Mapokezi yanaeleza kwamba alikuwa mtu asiyetazamwa na watu, mpaka kuoa kwake kulikuwa taabu kabla Mtume (S.A.W.) hajamposea. Zingatieni jambo moja hapa. Waliosema kwamba wametimia walikuwa masahaba, watu bora. Hawakuwa na chuki na Julaybib. Walimtaja kila waliyemkumbuka, na Julaybib hakuwamo katika kumbukumbu yao. Hiyo ndiyo hatari ya kusahau: unaweza kumwacha mtu nje na moyo wako ukatulia, ukaamini kwamba hesabu imekamilika.

Na katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kuna habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Akafa. Watu wakamzika bila kumwambia Mtume (S.A.W.), kwa kuwa waliliona jambo lake kuwa dogo. Mtume (S.A.W.) akamkosa, akauliza, akaambiwa amekufa. Akawauliza kwa nini hawakumjulisha. Akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda, akamsalia pale kaburini. Hakusema kwamba yaliyopita yamepita. Alikwenda kwa miguu yake kusahihisha kosa ambalo hakulifanya yeye.

Na siku jeneza la Myahudi lilipopita mbele yake, akasimama. Alipoambiwa kwamba ni jeneza la Myahudi, akauliza kama yule naye si nafsi.

Mmoja hakuonekana, mwingine alikuwa mwanamke mweusi, na wa tatu hakuwa wa umma wake. Wote watatu aliwasimamia. Hivyo mtu akikuambia kwamba mazungumzo ya rangi, wanawake na utaifa katika kuwakumbuka wafu ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa chuoni, mwambie kwamba Madina yalizungumzwa kabla ya chuo chochote. Mtu wa kwanza kuuawa kwa ajili ya Uislamu alikuwa mwanamke na mjakazi, Sumayya (R.A.). Na katika orodha ya mashahidi 14 wa Badr, aliyetangulia kuuawa ni Mihja', aliyekuwa mtumwa akaachwa huru na Umar (R.A.). Maulamaa wa sira walimwandika kwa jina lake katika orodha moja na watu wa koo kubwa za Makka na Madina.

Orodha yangu

Ndugu zangu, ningeweza kuishia hapa, nikawalaumu Waingereza na Wabelgiji, na sote tukarudi mabwenini tukiwa tumeridhika. Lakini nina jambo langu la kukiri.

Mwaka juzi jumuiya yetu iliandaa dua ya kuwarehemu Waislamu wa mtaa waliouawa katika miaka ya vita ya nchi yetu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukusanya majina. Niliifanya kwa bidii. Kwa wiki mbili, kila baada ya Alasiri, nilikaa na wazee kwenye baraza la msikiti na daftari langu. Nikapata majina 17. Nikayapiga chapa vizuri, nikayasoma mwenyewe mbele ya jamaa, watu wakaitikia amin, na wengine wakalia.

Tulipomaliza, dada mmoja wa mwaka wa kwanza akanifuata mlangoni. Akasema kwa adabu, "Kaka, samahani. Wanawake wa mtaa wetu hawakufa?"

Nikaitazama karatasi yangu. Majina 17, yote ya wanaume. Nilitaka kumjibu kwamba waliopigwa sana walikuwa wanaume. Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja aliyekuwa akivaa viatu vyake akasema, "Na yule zamu je?"

Zamu huyo alikuwa Mkongomani aliyelinda maduka ya mtaani kwetu. Aliuawa usiku mmoja akiwa kazini, mbele ya mlango wa watu, kwa mali isiyokuwa yake. Nilimjua tangu utotoni. Nilikuwa nikimsalimia nikienda madrasa. Nilipokaa na daftari langu kwa wiki mbili hakunijia akilini hata siku moja. Nilipojaribu kumwandika, nikagundua kwamba sijui jina lake. Sote tulimwita Zamu.

Ndugu zangu, mimi niliyeisoma hadithi ya Julaybib madrasa na kuifanyia mtihani, nilisimama mbele ya watu nikasema tumetimia.

Nikarudi upya. Safari hii sikukaa barazani. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye majiko na kwenye meza za sokoni, nikawauliza akina mama. Majina yakafika 31. Wengine waliuawa wakienda kuteka maji. Mmoja alifia njiani wakati wa kukimbia, siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wake akalelewa na jirani wa kabila jingine. Wazee wa baraza hawakuwaficha hawa. Waliniambia walichokiona wao. Kosa lilikuwa langu, niliyewauliza watu wa upande mmoja nikadhani nimeuliza mtaa mzima.

Na jina la zamu lilipatikana kwa mama anayeuza chai na maandazi. Yeye alikuwa akimkopesha chai ya usiku, na katika daftari lake la madeni alikuwa amemwandika kwa jina lake kamili. Katika mtaa mzima wa Waislamu, daftari pekee lililomjua mtu yule lilikuwa la madeni ya chai. Huyo mama aliniambia ameshamsamehe. Majina hayo siyachapishi hapa kwa kuwa sijaomba ruhusa ya familia, lakini yamo katika orodha ya dua, na mwaka jana yalisomwa yote.

Tangu hapo nikisikia habari ya wale wakubwa wa miaka ya 1920 waliosema kwamba Waafrika hawajali makaburi yao, nawalaumu, lakini nawalaumu nikiwa nimeinamisha kichwa. Wao walidhani waliobeba mizigo hawahitaji majina. Mimi nilidhani hivyo juu ya mlinzi na juu ya wanawake wa mtaani kwangu, ila sikuwahi kulisema kwa mdomo.

Na sisi wa nchi hizi za Maziwa Makuu tunalijua jambo hili kwa uchungu kuliko wengine. Kila nyumba ina mwaka wake. Kuna nyumba inayolia kwa mwaka ambao jirani hataki kuusikia, na jirani naye ana mwaka wake. Kila upande una orodha, na kila orodha inadai kwamba imetimia. Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu anatufundisha kwamba alituumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba aliye mbora mbele yake ni mwenye kumcha zaidi. Tujuane. Ikiwa kabila langu linanifanya nisijue jina la aliyekufa kwa jirani, basi nimelitumia kabila kinyume cha lengo lililowekewa.

Mwenyezi Mungu anawajua

Huenda mmoja wenu akauliza: Uislamu unakataza masanamu na kuyapamba makaburi, sasa hayo ya ukumbusho yanatuhusu nini? Ni swali zuri. Mtume (S.A.W.) alipomzika Uthman bin Madh'un (R.A.) alichukua jiwe akaliweka kichwani pa kaburi, akaeleza kwamba atalitambua kwa jiwe hilo kaburi la ndugu yake. Jiwe la kawaida tu, ili mtu ajulikane alipo. Sisi hatudai sanamu. Tunadai kile ambacho sanamu la Dar es Salaam liliahidi na halikukitoa, nacho ni jina.

Mwingine atauliza: wapagazi wale hawakupigana kwa ajili ya dini, na wengi wao hawakuwa Waislamu, kwa nini tuwalilie? Wengi hawakuchagua vita. Walikamatwa. Hukumu yao iko kwa Mola wao, si kwetu. Lakini walikuwa nafsi, na Mtume (S.A.W.) alisimama kwa nafsi. Na kwa wale waliokuwa Waislamu miongoni mwao, nawakumbusha hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inayowahesabu mashahidi, ambamo aliyekufa kwa maradhi ya tumbo amehesabiwa pamoja na aliyeuawa katika njia ya Allah. Kuhara damu ndiko kulikowamaliza watu wa Kariakoo. Huyo aliyeachwa kando ya njia ya Tabora au kwenye kambi, akaonekana hafai hata kuandikwa, huenda ameandikwa kwa Mola wake mahali ambapo jenerali hana nafasi.

Imepokewa kwamba baada ya vita vya Nahawand mjumbe alimfikia Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) na habari za ushindi na za waliokufa. Akawataja wakubwa kwa majina. Kisha akasema kwamba wako na wengine ambao Amirul Muuminin hawajui. Umar akalia. Akasema, kwa maana, kwamba Umar kutowajua hakuwadhuru kitu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu anawajua.

Maneno hayo ni faraja kwa wafu. Katika Surat Taha, aya ya 52, Nabii Musa (A.S.) anamjibu Firauni, alipomuuliza habari za watu wa karne zilizopita, kwamba elimu yao iko kwa Mola wake katika Kitabu, na Mola wake hapotei wala hasahau. Na katika Surat Aal Imran, aya ya 195, Mwenyezi Mungu ameahidi kwamba hapotezi kazi ya mfanya kazi yeyote, awe mwanamume au mwanamke. Mama wa Rumanura, mke wa askari aliyebeba sufuria na mtoto, na zamu wa mtaani kwetu, wote hawana haja ya sanamu letu.

Lakini angalieni, Umar alilia. Alijua kwamba Mwenyezi Mungu anawajua, na bado alilia kwa sababu yeye, kiongozi wao, hakuwajua. Elimu ya Mwenyezi Mungu haikumfanya aseme kwamba basi, hainihusu. Wao wako salama na hifadhi ya Mola wao. Tutakaoulizwa ni sisi.

Tufanye nini?

Naomba mambo matatu, na yote yanawezekana kabla mwaka wa masomo haujaisha.

La kwanza, mtakaporudi nyumbani likizo hii, kila mmoja akae na bibi yake, au na mwanamke yeyote mkubwa wa ukoo, na daftari. Muulize majina ya waliokufa katika vita, vita vyovyote ambavyo nyumba yenu imevipitia. Usiishie barazani kama mimi. Kumbukeni kwamba baada ya vita vya Yamama, walipouawa mahafidhi wengi, Qur'ani ilikusanywa katika kurasa, na kurasa hizo zikawekwa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha kwa Hafsa binti Umar (R.A.), mwanamke. Kama umma ulimwamini mwanamke na kurasa za Qur'ani, nawe mwamini bibi yako na majina ya jamaa zako.

La pili, katika kila orodha ya dua mtakayoiandaa, kabla ya kuisoma, mmoja wenu asimame aulize kwa sauti: mnamkosa nani? Aulize mara tatu, kama alivyouliza Mtume (S.A.W.). Na apewe nafasi ya kujibu aliyekaa nyuma kabisa, na dada aliye upande wa pili wa pazia.

La tatu, kila mmoja atafute jina moja la mtu aliyeuawa ambaye si wa dini yake, au si wa kabila lake, au si wa nchi yake, na alijue. Jina moja tu. Siku mtu atakapokuja chuoni kutuambia kwamba waliokufa ni wetu peke yetu, tuwe na jina la kumjibu.

Ewe Mola wetu, uliyewajua kabla hawajazaliwa, warehemu waliokufa wakiwa Waislamu katika vita visivyokuwa vyao, waliokufa na mzigo kichwani, waliokufa na mtoto mgongoni, na waliokufa wakilinda mlango wa watu. Utusamehe tuliosema tumetimia na ilhali hatujatimia. Utujaalie macho ya kumwona asiyeonekana kabla hajafa, ili tusije kumtafutia jina akiwa kaburini. Uipe amani nchi yetu na nchi za jirani zetu. Amin.

Wa sallallahu alaa Muhammad wa aalihi wa sahbihi wasallam.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.